Mkono Uliokata Kola

Kisangani, Makiso, tarehe 4 Februari 1975

Yaya Safi,

Dada yangu mkubwa, nakuandikia nikiwa mzima, Kadidja mke wangu mzima, na mashine zote mbili za kushonea zinakwenda. Huko Basoko najua samaki ni wengi na wagonjwa ni wengi zaidi, kwa hiyo sitakuchosha. Anayekuletea barua hii ni fundi wa injini wa bato, meli ya mtoni inayoshuka kesho. Mpe chai, kisha usinijibu mbiombio kama kawaida yako, kaa uandike vizuri.

Duka limejaa kazi pomoni. Tangu wakubwa walipokataa koti la Kizungu na tai yake, kila mwanamume mwenye meza ya ofisi hapa mjini anataka abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na kila mmoja anaitaka kabla ya sikukuu ya Chama mwezi wa tano. Anayetaka kola inayokaa shingoni kama ilizaliwa hapo, anakuja kwangu. Sijisifu, nasema yanayoonekana. Mkasi aliouacha baba yetu, Papa Feruzi, Mungu amrehemu, haujapata kutu.

Bon, kuna kitu kimoja kidogo. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia, juu, upande wa nyuma, kimeniota kinundu. Kilianza kama punje ya kunde, sasa ni kama njugu nzima, na ukikisukuma kinateleza chini ya ngozi. Hakiumi. Nakutajia tu kwa sababu watu wa mtaa hawaniachi. Tonton Kasongo, yule mwalimu mstaafu anayekaa ng'ambo ya barabara, kila asubuhi ananiomba niweke mkono mezani akipige kwa kamusi yake kubwa ya Kifaransa. Anasema kwao Maniema ndivyo walivyofanya, kinapasuka mara moja, basi. Kadidja anasema nifunge sarafu juu yake kwa kitambaa. Jirani mwingine anamjua mtu wa kuchanja chale na kupaka majivu. Wewe ndiye muuguzi wa ukoo huu. Nichagulie kinachofaa, nikifanye, nirudi kazini.

Ndugu yako,
Amuri, fundi


Basoko, 23 Februari 1975

Amuri mdogo wangu,

Barua imefika, na aliyeileta amekunywa chai mpaka birika likakauka. Sasa kaa chini unisikilize, maana mambo ya vinundu nayajua.

Hicho kinaitwa kisti. Si saratani, si ukoma, si jicho la mtu. Kwenye kiungo mna maji mazito ya kulainisha mifupa na zile kano zinazovuta vidole. Pengine utando wa ndani unalegea, maji yanatoka na kujikusanya kwenye kifuko, na kifuko kina shina linalorudi ndani ya kiungo. Ukikipasua utakuta ute kama ute wa yai. Ndiyo sababu kinavimba ukifanya kazi sana na kupungua ukipumzika.

Jaribu hivi: ingia chumbani, funga dirisha, weka tochi ubavuni mwake. Kikiwaka, ndani ni maji. Kikibaki cheusi, panda bato uje kwangu.

Kama kiko juu ya mkono na hakiumi, dawa nzuri kuliko zote ni kukiacha. Najua hupendi dawa isiyo na kazi ya kufanya, lakini vingi vinaondoka vyenyewe, ingawa vinachukua muda. Kikisumbua, unaufunga mkono kwenye ubao mwembamba ili upumzike. Kikisumbua zaidi, daktari anavuta yale maji kwa sindano. Ni kazi fupi, ila mara nyingi kinajaa tena, kwa kuwa shina limebaki. Kikikataa kabisa, kinakatwa pamoja na shina lake. Hata hapo viko vinavyorudi, usimwamini anayekuapia kwamba hakirudi kamwe.

Kuhusu kamusi, mpe Tonton Kasongo heshima zake zote na umwambie mkono wako si nzi. Mwaka jana nilimfunga plasta mvuvi aliyepigwa hivyo kwa kafi. Kisti ilipasuka kweli, na mfupa ukapasuka nao, na plasta ilipotolewa kisti ilikuwa imeketi palepale. Chale na majivu zitakuletea usaha. Sarafu haidhuru wala haisaidii, iache mfukoni.

Ushike neno hili moja. Kama kingekuwa upande wa ndani, chini ya kidole gumba, pale ninapowashika watu kusikia mapigo ya damu, habari ingekuwa nyingine. Pale mshipa mkubwa wa damu unapita ubavuni mwake, pengine umekumbatiana nacho. Pale hapigi mtu, hachomi mtu, isipokuwa daktari anayejua anachokifanya. Lakini wewe umesema kiko juu, nami nimekuamini.

Na mkasi je, bado unakutii?

Yaya wako,
Safi


Kisangani, 15 Machi 1975

Yaya Safi,

Tochi tumeiweka, na kinundu kikawaka chekundu kama papai lililoiva. Kadidja alicheka mpaka akaketi kitandani. Kwa hiyo ni maji, kama ulivyosema, na shauri limekwisha.

Unauliza kama mkasi unanitii. Swali gani hilo? Mimi ni mwana wa Feruzi. Asubuhi ni kukata, mchana kushona, jioni kupiga pasi. Tena niseme ukweli, kazi inayotoka dukani siku hizi ni nzuri kuliko ile ya mwaka jana, hata Tonton Kasongo ambaye hasifu kitu ameisifu. Wiki hii nimemvalisha Citoyen Lotika (siku hizi hakuna tena Bwana) wa ofisi ya kilimo, mtu mgumu sana kuridhika, ana shingo nene na bega moja limeshuka. Ametoka hapa akijitazama katika kila kioo cha duka njiani. Anakuja huko kwenu kukagua mashamba. Ukimwona, mtazame shingoni, utajua nduguyo ni nani.

Nimepata na suluhisho la kinundu. Unamkumbuka Abdulhamid, aliyekuwa akiwachanja ng'ombe sindano kule Ituri? Amerudi mjini na bomba lake la sindano analo, analichemsha vizuri kabisa ndani ya birika. Anasema atavuta yale maji kama ulivyoandika mwenyewe, nami nitamshonea suruali. Nimemwambia angoje kidogo tumalize haraka ya mwezi huu. Ijumaa moja baada ya sala atakuja dukani, na barua yangu ijayo haitakuwa na habari za kinundu tena.

Kadidja anakusalimu. Amechoka kidogo, lakini ni mzima.

Amuri


Basoko, 3 Aprili 1975

Amuri,

Citoyen Lotika amefika zahanati jana akilalamika kichwa. Ili nimpime msukumo wa damu ilibidi avue koti, na akiwa amekaa nikalipeleka dirishani. Nimeitazama kola kama ulivyoniomba.

Kola hii hukuikata wewe.

Tangu utoto kola zako zina pembe ya kushoto ndefu kuliko ya kulia. Papa alikuwa anaikunja katikati mbele ya macho yako, na wewe ulikuwa unajibu kwamba kitambaa ndicho kilichovuta. Mimi nilikuwa chini ya meza nikiokota vipande, nilisikia kila siku. Hii nimeikunja, pembe zimekutana kama viganja vya mtu anayeomba dua. Kwapa nalo ni hivyohivyo. Nilimwambia Citoyen anyooshe mikono juu, akadhani ni sehemu ya matibabu, na koti halikupanda. Koti lako hupanda mpaka mshipi uonekane. Mtu hajifunzi hayo kwa mwezi mmoja baada ya kuyakataa miaka yote.

Basi nimefikiri. Mkono wako haukati. Lakini kinundu kilicho juu ya kifundo, kisichouma, hakimzuii fundi kukata, maana mkasi haugusi upande ule. Mkasi unasukuma shina la kidole gumba, upande wa ndani. Kwa hiyo kiko ndani, pale nilipokuandikia asiguse mtu, na kinakuuma, na umenidanganya upande ili nisijue. Kisha unataka Abdulhamid aje na bomba la ng'ombe achome kando ya mshipa wako mkubwa wa damu. Nimekasirika, Amuri, na nimeogopa, na yote mawili nayaandika ili uyasome. Ng'ombe hawaandiki barua kwa dada zao kusema walivyotoboka.

Mwambie leo asije. Leo, si Ijumaa.

Tena unijibu jambo lingine. Kwetu mwanamke alishona vifungo na pindo, lakini mkasi wa kukatia haukumhusu. Papa aliamini kitambaa kilichokatwa na mwanamke kinamkimbiza mteja. Nani basi ameikata kola hii? Maana yeyote aliyeikata amekushinda.

Barua hii nampa Citoyen Lotika mwenyewe, anapanda na bato ya leo. Inakuja imevaa koti lako.

Safi


Kisangani, 11 Aprili 1975

Wifi Safi,

Amuri ameniomba nikujibu mimi, kwa kuwa sasa hata kalamu inamuuma. Kola nimeikata mimi.

Kiko upande wa ndani, kama ulivyosema, na ni kikubwa kuliko njugu. Kabla ya mwaka mpya akibana mkasi kwenye kitambaa cha tabaka mbili alikuwa anauma meno. Kisha siku moja mkasi ulimtoka mkononi ukaanguka juu ya sufu ya mteja. Akautazama tu pale ulipolala, akatoka nje, akakaa na Tonton Kasongo mpaka adhuhuri. Nilikuwa nimemwona akikata tangu siku niliyoolewa, na magazeti ya zamani nilikuwa nimeyakata yote kwa siri nikijifunza. Niliuokota mkasi nikakata. Aliporudi koti lilikuwa limelala mezani tayari kwa kushonwa. Akakaa kwenye mashine akalishona.

Tangu hapo ndivyo tunavyofanya. Kuna pazia nyuma ya duka. Yeye anampima mteja na kuita namba kwa sauti, kana kwamba anajikumbusha, nami nyuma ya pazia ninaandika kwa chaki na kukata. Mteja anadhani anafanya kazi peke yake.

Abdulhamid alifika siku ileile barua yako ilipofika, amevaa vizuri, na birika lake. Amuri alikuwa ameisoma tayari. Alimpa chai ya birika letu, si lile lake, akamwambia dada yake anaona mpaka hapa akiwa Basoko. Suruali atamshonea hata hivyo, kwa sababu ya aibu.

Anaogopa kisu, Wifi, lakini haogopi damu. Anaogopa kwamba mkono ukifungwa bendeji watu watauliza nani anakata. Nami nina langu la kukwambia, sina wa kumwambia isipokuwa wewe. Nataka apone, maana namwona akilala ameuweka mkono kifuani kama mtoto. Na mkasi pia nautaka. Akipona atauchukua, nami nitarudi kwenye vifungo. Yote mawili nayataka na sioni haya kuyaandika.

Wifi yako,
Kadidja


Basoko, 22 Aprili 1975

Amuri,

Nimejibiwa na mkono ulioikata kola, na unaandika vizuri pia. Sasa fanya hivi, tena usibadilishe kitu.

Nenda hospitali kubwa ya mjini, si kwa mtu wa birika. Daktari atabonyeza mishipa yako ya damu yote miwili, wa upande wa gumba na wa upande wa kidole cha mwisho, aone kama kila mmoja unaweza kuulisha mkono. Akifanya hivyo ujue umempata anayejua. Atakueleza njia zilezile nilizokueleza: kungoja, ubao, sindano, kisu. Kungoja umekwisha kungoja, na kwa uwongo. Sindano mahali pale madaktari wengi hawaipendi, kwa ajili ya huo mshipa. Nadhani atakwambia kisu. Ukubali. Watakutia ganzi mkono tu, utakuwa macho, unaweza hata kumsifia nguo zako. Baadaye mkono unapumzika wiki kadhaa, halafu unaufundisha tena kufunga na kufungua kidogokidogo. Unaweza kupona kabisa. Kinaweza pia kurudi siku moja, na hapo tutakitazama tena.

Usingoje sikukuu. Makoti ya sikukuu yana mtu wa kuyakata.

Na Papa alikuwa fundi mkubwa, lakini kwa jambo la mkasi alikosea. Nasema mimi binti yake. Mimi niliuomba mkasi ule kabla yako, akanipa shanga. Nikaenda nikatafuta mkasi mwingine, na mpaka leo nawakatia vitovu watoto wa Basoko, na hakuna mteja aliyekimbia.

Safi


Kisangani, 30 Juni 1975

Yaya Safi,

Naandika kwa mkono wangu wa kulia, tazama herufi zilivyonyooka.

Nilikwenda hospitali mwishoni mwa mwezi wa nne. Daktari alibonyeza mishipa yangu kama ulivyosema, nikamwambia dada yangu alitabiri, akacheka. Nilikuwa macho. Waliweka kitambaa kati ya uso wangu na mkono, nikaona ajabu kwamba siku hiyo aliyewekwa nyuma ya pazia ni mimi. Sikusikia maumivu, nilisikia tu mtu anavuta, kama unapochomoa uzi kwenye pindo. Kilikuwa na shina refu lililouzunguka mshipa wa damu, daktari akalifuata taratibu mpaka kwenye kiungo. Baadaye aliniambia kwamba aliyetaka kukichoma bila kuona angeutoboa huo mshipa. Nilimfikiria Abdulhamid na birika lake. Umeniokoa, Yaya. Nalisema mara moja na sitalirudia kwa sababu utavimba kichwa.

Sikukuu imepita vizuri. Barabara ya Makiso ilijaa kola zetu. Nilikaa dukani na bendeji ndani ya mfuko wa koti, nikiita namba, na Kadidja nyuma alikata zote.

Sasa kidonda kimefunga, kovu ni jembamba, vidole vinakamata. Wiki ijayo narudi mezani. Kadidja atapumzika, amefanya kazi ya kutosha, maskini.

Nduguyo aliyepona,
Amuri


Basoko, 14 Julai 1975

Amuri,

Umemuuliza?

Safi


Kisangani, 25 Agosti 1975

Yaya Safi,

Barua yako fupi niliisoma nikaikasirikia, nikaiweka chini ya mashine. Kumuuliza nini? Mkasi ni wangu, mkono umepona. Hivyo ndivyo nilivyowaza, nakueleza bila kuficha, maana kukuficha wewe hakuna faida.

Nilirudi mezani. Kadidja alinipa mkasi, akachukua kikopo cha vifungo akaketi mlangoni. Siku ile alitia chumvi mara mbili katika mboga, nikala zote. Nilikata makoti mawili ya watu wa kawaida, wakashukuru wakaenda. Mkono haukuuma hata kidogo. Nilijiona mfalme.

Kisha akaja Citoyen Lotika kutaka abakosti ya pili, ya rangi ya kijivu. Nilimpima, nikakata mwenyewe, nikashona kwa moyo wangu wote. Juzi akaja kuivaa. Duka lilikuwa na watu, na Tonton Kasongo alikuwa amevuka barabara kuja kutazama. Citoyen akafunga vifungo, akageuza shingo kushoto, akaigeuza kulia, akainua mikono juu kama ulivyomfundisha zahanati. Koti likapanda mpaka mshipi ukaonekana.

Akanitazama kwa adabu sana. Akasema, "Fundi, hii iko muzuri, sikatai. Lakini haiko mukono ya ile siku. Ile ilikuwa inakaa, hii inanikaza. Donc miye nataka mukono ile."

Yaya, nilikuwa na majibu tayari. Kitambaa kimevuta. Citoyen amenenepa. Mkono umetoka hospitali juzi, umpe muda. Lile la mwisho lingekubaliwa na kila mtu pale ndani, kovu ninalo. Nilifungua mdomo kulisema. Kadidja alikuwa mlangoni na kikopo chake, hakuinua kichwa, lakini sindano yake ilikuwa imesimama. Nikakumbuka lile koti la kwanza nililolikuta limelala mezani, na kwamba tangu siku ile sijawahi kumwambia ahsante.

Nikaichukua kola ya Citoyen nikaikunja katikati mbele ya watu wote, kama Papa alivyonifanyia. Pembe ya kushoto ilikuwa ndefu.

Nikasema, "Citoyen, mukono ya ile siku iko. Kadidja, kuya hapa."

Tonton Kasongo alikohoa. Mteja mmoja aliyekuwa anangoja suruali alimtazama mwenzake. Citoyen Lotika yeye aliuliza jambo moja tu, kama koti linaweza kuwa tayari kabla ya safari yake ya Basoko. Hakukimbia.

Pazia nimelishusha, limekuwa kitambaa cha kufunika mashine. Mimi nashona, na nikisema mimi ndiye mshonaji bora wa mji huu hata wewe huwezi kubisha, maana mishono yangu hujawahi kuilalamikia. Kovu langu liko kimya. Juu kidogo ya pale nimegusa jana kitu kama punje ya mtama, huenda ni uzi wa daktari, huenda ni yeye anarudi. Hakiumi, nimekiacha, na safari hii nimekutajia upande wa kweli.

Naacha hapa, kwa sababu Kadidja anataka meza. Juzi, nilipomwita, alinyanyuka mlangoni akapita kati ya watu, akavaa mita ya kupimia shingoni, akauchukua mkasi wa Papa kutoka mkononi mwangu, akamwambia Citoyen ageuke.

Amuri